Mbao tatu, faiba mbili

Alhamisi

Nimeziona zote tano sasa, pikipiki za matairi matatu alizounda Baba kabla hajafa. Tatu za kwanza zina bodi ya mbao, mbili za mwisho ni za faiba, ile plastiki ngumu ya kuundia maboti. Sikuelewa kwa nini alibadilisha. Baba alikuwa fundi wa mbao, na vumbi la faiba lilimkohoza hadi akawa analala ameketi.

Leo nilikwenda Wiyoni kwa Bwana Athmani, mwenye ile ya nne. Nikamuuliza:

"Mbao zilikuwa na kasoro gani?"

Akacheka. "Kasoro ni wewe, Bi Mdogo. Babako alisema, 'Mwanangu aona haya kupanda kasha.'"

Kumbe alijua. Wenzangu shuleni waliiita ile yetu ya mbao kasha la samaki, basi nikawa namwambia Baba anishushe mbali na geti, eti napenda kutembea. Nilidhani ameamini.

Hakuniuliza hata siku moja. Alinunua faiba tu.

Mama ameniuliza nimepata jibu gani. Nimemwambia mbao ziliadimika.