Mzee Mwadime Aliponiita kwa Jina la Mama

Jumamosi. Ukungu ulikaa Chawia, kwetu mlimani, mchana kutwa. Nimesharudi Voi kwenye joto na vumbi, lakini bado nauhisi kwenye nywele.

Leo tumemuenzi Mzee Mwadime.

Alikuwa muuguzi jeshini. Alipostaafu alirudi mlimani, akashona machela ya turubai na kuwafundisha majirani kubeba mgonjwa bila kumtikisa. Gari lilikuwa halifiki kwetu. Ukimwita anakuja, mvua au jua, na mgonjwa anashushwa kwa miguu hadi barabarani. Aliendelea hivyo hadi mvi zikamjaa.

Mama alibebwa hivyo, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake. Nilizaliwa njiani, mawingu yakipita chini yetu. Sikulia. Mzee alinipulizia pumzi, akatupakia kwenye pikapu ya kwanza iliyosimama, akabaki barabarani akitutazama. Mama alinisimulia mara nyingi kabla hajafariki, hata siku hizi sijui kama nakumbuka maneno yake au mawingu yenyewe.

Naungama: sikuwahi kumshukuru. Utotoni nilimwogopa kwa ile sauti yake ya kijeshi. Nilipokua, nikawa bize.

Kamati ya sherehe iliponiomba nisome historia yake pale uwanja wa kanisa, nilikubali kwa aibu. Nikasoma. Akina mama wakapiga vigelegele. Yeye alikaa na bereti yake ya zamani, akitazama ukungu. Binti yake alikuwa amenionya: siku hizi kumbukumbu zake huja na kuondoka.

Nilipoinama kumsalimia, alinishika mkono.

"Wakio," akasema.

Hilo ni jina la mama.

"Mlifika salama hospitali?"

"Tulifika, Mzee."

"Na mtoto? Alilia?"

Nilitaka kumwambia mama hayupo, kwamba mimi si yeye. Lakini macho yake yalikuwa bado yanalifuata lile gari.

"Alilia sana. Amekua, sasa anafundisha Voi. Anasema asante."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Nimewaza sana."

Kisha akasinzia, mkono wangu ukiwa ndani ya wake, na ukungu ukapita katikati ya viti kana kwamba nao umealikwa.

Je, nilimdanganya? Sidhani.

Jumamosi ijayo nitapanda tena. Akiuliza upya, nitamjibu upya.