Utani wa Msibani Nimeupeleka Gazetini

Mpendwa Mama Zuhra,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana wakili amenipa siku saba na nne zimeshapita nikiwa nimelala kifudifudi hosteli. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari, mwaka wa pili hapa Shinyanga, na sijisifu, lakini darasani kwetu kwa vichwa vya habari hakuna anayenifikia.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Ushirombo kwenye msiba wa mzee mmoja, baba wa mfanyabiashara wa dhahabu (jina nimelifuta mimi, Mama Z.), na ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kama ilivyo desturi baba yangu mdogo akavaa koti na kofia ya marehemu, akashika fimbo yake, akawa anachechemea vilevile kama mzee, akaja kusimama kando ya jeneza akasema, "Jamani, msinililie! Huyu mwanangu ndiye amenitoa kafara, nimekufa ili duara lake litoe dhahabu!", duara ndilo shimo lao la kuchimbia, basi watu wakacheka mpaka padri akageukia ukutani, hata mwana wa marehemu mwenyewe alicheka huku anafuta machozi, akamwambia, "Mtani, vua koti la baba, linakupwaya."

Mimi nikarekodi. Niliporudi chuoni nikakuta mwalimu wetu, Madam Elieth, ametuagiza kila mmoja alete habari ya kwao kwa ajili ya gazeti la chuo la mtandaoni, wenzangu wote wakaleta bei ya pamba, mimi nikaandika "Tajiri wa Dhahabu Adaiwa Kumtoa Kafara Baba Mzazi", na naomba unielewe Mama, nilikuwa mwangalifu mno, jina lake sikulitaja, niliandika tu kwamba ni mfanyabiashara maarufu wa madini, mkazi wa Ushirombo, mwenye mwanya na gari jeupe, aliyemzika baba yake Jumanne, na kila sentensi niliianza na "inadaiwa", na chanzo changu nikasema ni mtu aliyekuwapo msibani, jambo ambalo ni kweli tupu.

Madam alikuwa safarini, Ezekiel anayesimamia tovuti akaipandisha bila kuuliza, kufika jioni imeenea kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Maganzo hadi Geita, nami nikawa natembea chuoni kifua mbele. Sasa imekuja barua ya wakili, anasema nimemchafulia jina mteja wake, habari ishushwe na niombe radhi hadharani, la sivyo tukutane mahakamani. Nikampigia simu kumweleza kwamba mimi ni mtani wa mteja wake na mtani hashtakiwi, akakata. Nasikia wachimbaji wamelisusa lile duara, wanasema hawashuki kwenye shimo lililomla mzee, na mama mzazi wa yule bwana eti hali tena chakula kinachotoka mkononi mwa mwanawe, lakini hayo ni mambo ya kwao. Mimi ninachoogopa ni alama zangu. Je, nikiandika makala ya pili ya kumsifu, kwamba ni mchapakazi na anajenga kanisa, itaifuta ile ya kwanza? Au niseme simu yangu iliibiwa?

Tafadhali jina langu usilitaje, sitaki watu wanifikirie vibaya.

Ni mimi,
Mwandishi Mtarajiwa

*

Mwandishi mtarajiwa,

Marahaba. Jina lako nimelificha kwa sababu umenisihi, na mimi nina huruma. Yule bwana hakupewa hata nafasi ya kusihi. Tena barua yako ilinifikia ina jina lake kamili, la mkewe, na namba za gari. Ningeichapa ilivyo, tungekaa benchi moja kizimbani, wewe na mimi. Nimebadilisha mji, gari, mwanya na majina ya wenzako, na kama kuna anayedhani anamjua mtu huyu, basi anamjua mwingine. Hivyo ndivyo mtu anavyofichwa. Wewe ulimficha kwa kuwashika watu mkono hadi mlangoni kwake. Sheria haitaki kujua kama umetaja jina tu, inataka kujua kama waliosoma walimtambua. Pale kwenu nani hakumtambua? Hata kuku walimtambua.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na miwili kabla sijapewa safu hii, na nimewaona wengi wakiingia na "inadaiwa" yao shingoni kama hirizi. Haizuii kitu, mwanangu. Ukiyabeba maneno ya mtu ukayasambaza, yamekuwa yako. Ukweli ungekukinga, ndiyo, lakini kuuthibitisha ni kazi yako wewe uliyeandika. Haya, una nini mkononi? Una sauti ya mtu aliyevaa koti la maiti! Shahidi wako ni marehemu anayeongea! Astaghfirullah, na ada mnalipa.

Na huo utani unaojifunika nao, hukufundwa? Baba yako mdogo alisema usoni mwa mwenyewe, mbele ya watu wanaojua anachokifanya, ili kilio kipungue, na mwenyewe akamjibu. Aliyeko Maganzo na simu yake hakuona koti wala fimbo, aliona habari. Na katika nchi hii ya machimbo unajua vizuri neno kafara linaweza kumfanya mtu nini. Nyumba huchomwa kwa neno hilo. Halafu mjane hali chakula cha mwanawe, nawe unaniandikia "hayo ni mambo ya kwao". Nilipofika hapo nilivua miwani. Nimekukasirikia kwelikweli.

Sasa sikiliza. Makala ya kumsifu sahau. Mtu uliyemwita muuaji hana haja ya kuambiwa ni mchapakazi. Na simu yako haikuibiwa, usiongeze uongo juu ya balaa. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mwambie Ezekiel aishushe ile habari, lakini sauti uliyorekodi na rasimu yako usifute, utaulizwa. Barua ya wakili mpelekee Madam Elieth, mkononi, maana gazeti ni la chuo na chuo nacho kimo ndani. Wao watatafuta wakili wa kusema na wakili mwenzake. Wewe usimpigie tena. Radhi iwe fupi: niliandika hivi, si kweli, sikuthibitisha, samahani. Wakili wenu aipitie kwanza, kisha iende palepale ilipokuwa habari, na kwenye magrupu yote ilikopita. Haitafuta kila kitu, ila hakimu hutazama nani alirudi nyuma mapema.

Alama? Ningekuwa Madam Elieth ningekupa sifuri, halafu nikufundishe upya, kwa sababu masikio unayo, ulichokosa ni swali. Hukumuuliza mwana, hukumuuliza daktari, hukumuuliza hata padri aliyekuwa pale pale. Mzee wa watu alikufa kwa maradhi gani? Nimesoma habari yako yote na mpaka sasa sijui.

Wakili akikuruhusu, panda basi urudi kwenu. Nenda na baba yako mdogo, maana yeye anajua kuingia nyumba ile, na muingie kwa mama kabla ya kumwona tajiri. Mama yule hasomi gazeti wala hana simu ya kupokea radhi yako. Kaa chini, mwambie kwa lugha ya nyumbani, majirani wakisikia, kwamba mwanawe hakumuua mumewe, na kwamba wewe uliandika bila kumuuliza mtu. Akinyamaza, kaa naye. Akikufukuza, toka, na kesho yake asubuhi rudi.

Mama Zuhra