Kifuniko cha Mafuta cha Gari la Shamte

Kilwa Masoko,
Jumatatu.

Dada yangu Zakia,

Kwa heshima na taadhima, nautangazia ukoo mzima wa Mzee Likwata, wa hapa Masoko, wa Pande na wa huko Nyangamara, kwamba kifuniko cha tundu la mafuta cha gari la kaka Shamte kimefunguka leo asubuhi, mbele ya mashahidi, bila ubani wala kisomo. Vigelegele havikupigwa.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo dada. Natumaini ulifika salama kutoka msibani, na ule mguu uliovimba kwa kukaa mkekani umerudi saizi yake. Shemeji msalimie, na mikorosho pia. Sisi tu wazima, kwa kipimo cha watu waliotoka kuzika. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikifika katikati unakata. Barua utaikunja, lakini najua utaikunjua.

Siku ile wewe uliyasikia mambo kwa mdomo wa Shamte. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kichwa cha baba mapajani mwangu. Daktari alikuwa amesema ngiri imebana, apelekwe Lindi akapasuliwe siku hiyohiyo. Kabla hatujaondoka, mama mdogo Kijakazi alitoka na sahani ya kombe, yale maji ya kuoshea aya, akamnywesha baba funda, na yaliyobaki akalinyunyizia gari ili safari iwe ya heri: vioo, milango, na hicho kifuniko. Hayo kila mtu aliyaona. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa ubaya ulikuwa bado haujatafutiwa mwenyewe.

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala, tukaingia sheli. Shamte akabonyeza kitufe. Wewe gari hilo unalijua: kifuniko hakina ufunguo, ukibonyeza, umeme unakwenda nyuma, kipini kinaruka, unasikia tak. Siku ile hatukusikia tak. Akabonyeza mpaka kidole kikawa cheupe. Kijana wa pampu akashauri tulete dumu, tukamwuliza hilo dumu tulimiminie wapi.

Akaitwa Josephat, fundi wa umeme. Akatufungulisha milango yote, maana yapo magari ambayo mlango ukiwa umelokiwa, kifuniko nacho kinagoma. Kimya. Akatazama fyuzi, nzima. Akapima kwa taa yake ndogo, akasema umeme unafika kwenye kitufe, hivyo unapotelea njiani, na njia inapita ubavuni mwa buti. Akaomba tushushe magodoro na vyungu vya safari abandue zulia. Au, akasema, achokonoe kifuniko kwa bisibisi, ila rangi itakwanguka. Shamte akasema rangi ni mpya.

Baba aliisikia hiyo. Alikuwa amefumba macho muda wote, akayafumbua.

"Vunjeni," akasema. "Ni bati hilo, Shamte."

Hapo ndipo ulipopiga simu, dada. Shamte akakueleza habari ya kombe, nawe ukamwambia kwamba gari halina ubovu, limefungwa, na aliyelifunga ni yule aliyelimwagia maji. Sauti yako ilitoka kwenye simu mpaka kwa kijana wa pampu. Shamte akamwambia Josephat aache, akapanda bodaboda kumfuata mtaalamu wa kufungua, na ufunguo wa gari akaondoka nao mfukoni. Basi la Lindi likasimama mbele yetu. Nikampigia Shamte tumhamishie baba huko, akakataa: ulikuwa umemwambia baba akitolewa garini kabla ya kufunguliwa, kilichofunga gari kitamfuata yeye. Nikatii. Konda akanitazama, nikampungia mkono aende.

Baba alifia palepale, mchana kweupe, watu wakijaza mafuta upande wa pili. Mtaalamu alifika na chetezo chake, akakuta kazi imebadilika, akatuombea dua ya maiti. Kwenda kumzika Pande tulimchukua kwa gari la kukodi.

Sasa mama mdogo yuko ndani, amekaa eda ya baba. Majirani hawapokei chakula kutoka jikoni kwake. Shamte amemwambia arobaini ikipita ahame, na kwamba neno hilo ni lako. Hana kwa kwenda, na eda inamtaka akae humohumo miezi minne na siku kumi. Hakubishana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa, "Mwanangu, yale maji niliyamwaga vibaya?"

Nikaenda kutafuta jibu. Leo asubuhi nimemwita Josephat, na Shamte nimemsimamisha hapo ashuhudie. Tumeshusha kila kitu, tumebandua zulia la buti.

Dada, kaa chini. Chini ya zulia kuna unga wa njano. Ni salfa. Ni ile mifuko uliyomwomba Shamte akuletee Nyangamara wakati wa kupulizia mikorosho. Mmoja ulipasuka njiani, naye akafagia unga juujuu kwa kandambili, mwingine ukazama chini. Ukanywa unyevu wa hapa pwani, ukala shaba. Waya wa kifuniko umekuwa mweusi, nilipougusa ukakatikia mkononi. Kombe halikufika hapo hata tone. Josephat alinusa vidole vyake, akatazama pembeni kwa adabu. Shamte ameketi juu ya magodoro mpaka saa hizi.

Sisemi salfa yako ilimuua baba. Kilichomuua ni ngiri, na sisi tuliishikia mlango. Ila neno la kumtoa mama mdogo lilitoka kwako, nawe ndiye mkubwa wetu, Shamte hatalirudisha bila wewe. Njoo uliseme hapa, mlangoni kwake, majirani wakiwepo. Usitume mtu.

Wasalimie watoto wote. Mama mdogo naye anakusalimu. Nilimwuliza kama kweli niiandike salamu hiyo, akasema niandike.

Ni mimi mdogo wako,
Yassini Likwata

Nimesahau kukueleza kilifungukaje, maana waya bado umekatika. Ndani ya buti, upande wa kushoto, nyuma ya zulia, kuna kamba ya kukifungulia kwa mkono. Unavuta tu.