Dashibodi Mpya ya Gari la Baba

Kaka mpendwa,

Sisi hatujambo, na Mama bado hasemezani na jirani. Juzi mimi na Baba tulivalisha ganda jipya dashibodi ya gari lake kuukuu aina ya Jeep, maana la zamani lilipasuka kwa jua hadi sponji ikachungulia. Baba alikataa katakata kumwita fundi. Nilimshikia bisibisi huku nikimtazama kwa udadisi, kwani kila skrubu aliitafuta kwa vidole, polepole, na ilikuwa saa sita mchana. Nikadhani ni mikono iliyozoea kazi. Ganda lilipokaa sawasawa, akarudi nyuma kulitazama.

"Nyeusi imependeza," akasema.

Kaka, ganda ni jekundu kama nyanya. Ndilo pekee nililolipata dukani, na nilikuwa nasubiri anigombeze.

"Baba, tangu lini?" nikamuuliza.

Akajifanya anafuta gundi. "Tangu mwaka jana. Mama yako hajui."

Mwaka mzima amekuwa akimpeleka Mama kliniki kwa gari hilo. Nikanyoosha mkono tu. Akanipa ufunguo, akazunguka, akaketi upande wa abiria.

"Endesha wewe basi," akasema. "Mimi nitasikiliza injini."

Kesho nampeleka kwa daktari wa macho. Mpigie Baba simu, ila usiseme nimekuandikia.

Mdogo wako, dereva mpya wa nyumbani