Kamba ya Kiuno cha Nyamisi

Sista Nyangeta,

Tangu tukuzike Butiama, wodi ya watoto nimeachiwa mimi, na nimeshaharibu. Nakuandikia kwa sababu hapa kazini sina wa kumwambia bila kuona aibu.

Aliletwa mtoto kutoka Suguti, Nyamisi, wa wiki tatu. Amezaliwa na ile ngozi ya nadra inayochunika hata ikiguswa na shuka. Uliwahi kunifundisha kumnyanyua mtoto wa hivyo: mikono miwili chini yake, kamwe si kwa makwapa. Hilo nililifanya vizuri. Lakini kiunoni alikuwa na kamba ya shanga, na chini yake ngozi imeshatoka. Nikachukua mkasi nikaikata mbele ya wodi nzima, huku nikimgombeza mama yake. Nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Niliporudi kutoka kula, kitanda kilikuwa kitupu.

Sista, nadharia ya kuheshimu mila za mgonjwa niliijibu vizuri sana kwenye mtihani. Ukanicheka: "Kwenye karatasi wote manesi. Mimi naulizaga kwanza, ndo nagusa." Nilidhani unanitania tu.

Siku ya tatu nikawafuata Suguti. Vidonda vilikuwa vimeanza kunuka. Bibi yake mtoto hakunipa kiti. Nikauliza, nimechelewa, ile kamba ilikuwa ya nini. Akasema ilikuwa ya dada yake Nyamisi, aliyezaliwa na ngozi hiyohiyo akafa. "Tulimvalisha ili huyu abaki. Wewe umeitupa na uchafu." Nililia pale uani, mtu mzima na yunifomu yangu.

Bibi alipoipunguza ile kamba ili imtoshe Nyamisi, alikuwa amebakiza shanga tano. Nikamuuliza kama mama anaweza kuzivaa kwa niaba ya mtoto, kiunoni kwake yeye. Akazitunga, akamfunga mama. Ndipo wakaniruhusu kusafisha vidonda, na mama nikamfundisha kufunika vidonda kwa kitambaa cha gozi chenye vazelini. Walisema watakuja Alhamisi.

Leo ndiyo Alhamisi. Saa sita imepita, kila mlango ukilia nageuka, na si wao. Naogopa, Sista. Vidonda vile havisubiri.

Pumzika, mwalimu wangu. Wasipokuja leo, kesho asubuhi naenda tena Suguti, na nakuahidi sitaanza na mtoto. Nitakaa chini nimuulize bibi jina la yule aliyekufa. Hata hilo sikuuliza.

Mwanafunzi wako,
Rehema