Jumapili Ndege Hutua Talinas

Talinas, 10 Machi 2019

Mwanangu Nulfo,

Umekula? Usinijibu kwamba umekula mkate. Mkate si chakula, chakula ni wali. Sisi huku wazima, ila goti langu linasema mvua inakuja, na goti langu halisemi uongo kama redio.

Jumapili nilitoka misani moja kwa moja hadi kwenye uzio wa uwanja wa ndege, na mwavuli wangu, kama kawaida. Ilipofika saa yako ya kutua na hiyo ndege unayoirusha kwenye kompyuta yako huko Taiwan, nikapunga leso. Consorcia alikuwa anakaanga ndizi zake pale langoni. Akaniuliza mbele ya wateja, "Mama Nulfo, unampungia nani? Mawingu?" Nikamwambia, "Nampungia mwanangu, rubani. Ametua sasa hivi, tena taratibu kuliko mumeo anavyoshuka kwenye baiskeli." Watu walicheka mpaka ndizi zikaungua.

Ila kuna neno baya. Padri ametangaza kwamba lile shirika la ndege litaacha kuja kwetu baada ya Pasaka. Eti abiria wachache. Tutabaki na meli. Nimeona ulisikie kwangu kwanza. Sisi hatutishiki.

Mama yako.


Taichung, 5 Mei 2019

Mama,

Naushika mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, nibariki. Mimi mzima na wali nakula. Goti lako linaendeleaje?

Mama, usiende tena uzioni. Unajua klabu yetu ya marubani wa kompyuta ina sheria moja: tunafuata njia ambazo ndege za kweli zinapita, kwa siku zake, kwa ndege ya aina ileile. Kila mtu anatafuta kwenye ratiba za mashirika na kwenye ramani inayoonyesha ndege zilizo angani, kisha anachagua. Ndiyo raha yake. Bila hivyo ni mchezo wa watoto. Sasa Talinas haimo tena. Wendel, mkuu wetu, ameifuta. Nilimwomba aniachie, akaniandikia mbele ya wote, "Kaka, hakuna anayekwenda huko. Chukua Manila–Davao."

Unajua kiwanda hakijaniruhusu kurudi nyumbani tangu nije. Jumapili ile ndiyo ilikuwa safari yangu ya kuja kwako. Nilikuwa napita juu ya paa letu kabla ya kutua. Basi, imekwisha.

Na tafadhali, acha kuwaambia watu kwamba mimi ni rubani. Mimi nafunga skrubu za vyerehani.

Mwanao, Nulfo.


Talinas, 26 Mei 2019

Mwanangu Kapteni,

Ndiyo, Kapteni, umesoma sawasawa. Goti halijambo. Moyo ndio unaochemka.

"Hakuna anayekwenda huko"! Huyo Wendel nani kamlea? Mimi niliishia darasa la sita, kompyuta siijui, lakini macho ninayo. Sasa sikiliza. Ndege ipo. Ni ndogo, ina pangaboi moja puani, na inachukua kaa walio hai. Inatoka Manila Jumapili mchana na kurudi na mzigo, ili Jumatatu kaa wetu wawe mezani kwa matajiri. Nimemuuzia rubani wake bibingka, zile keki zangu za mchele, zikiwa za moto, akazila huku akinisifu, kama wote wanavyonisifu. Anasema lazima awahi kabla ya jua kuzama, maana uwanja wetu hauna taa hata moja.

Haya. Ndege ya kweli, siku ya kweli, njia ya kweli. Mpelekee Wendel. Asipoamini, aje anuse vikapu.

Mama yako.


Taichung, 16 Juni 2019

Mama, nibariki.

Natumaini u mzima. Nimeitafuta kwenye ramani na kweli ipo, kidoa kidogo cha njano kinakuja Talinas. Lakini Mama, kaa? Mimi nimezoea ndege kubwa za Tokyo. Nilipoitaja klabuni walicheka hadi leo hawajanyamaza. Wananiita Kapteni Kaa. Wendel ameuliza nitawatangazia nini abiria wangu, "fungeni magando"?

Nimeona niache kabisa. Jamaa wa chumba cha jirani anautaka usukani wangu wa kompyuta. Nafikiri nitampa.

Mwanao, Nulfo.


Talinas, 30 Juni 2019

Nulfo,

Leo sikuulizi kama umekula.

Kaa umewala katika nyumba hii tangu ulipoota meno. Baba yako, Mungu amrehemu, aliwafunga magando kwa nyasi hadi vidole vikajaa makovu, na hakuona haya hata siku moja. Wewe unaona haya kuwabeba hewani? Kwanza hao ni abiria bora. Hawatapiki, hawalii, hawagombei dirisha. Na tayari wamepanda ndege, Consorcia bado.

Usukani usimpe mtu. Jumapili nitasimama uzioni. Uje, usije, nitasimama.

Mama yako, ambaye hajabadilika.


Taichung, 22 Septemba 2019

Mama,

Nibariki, na unisamehe kwa kimya. Nilikuwa najifunza ile ndege ndogo. Inayumba kama mlevi, upepo kidogo tu unaisukuma.

Mara ya kwanza niliondoka Manila nimechelewa, kwa kiburi cha mtu aliyezoea viwanja vyenye taa. Upepo wa mbele ukanikamata. Jua likazama, Talinas ikawa nyeusi, nisione uwanja wala paa letu. Nikageuza, nikarudi Manila bila kaa hata mmoja. Nilijua umesimama pale. Siku hiyo ndiyo niliona haya, haya ya haki.

Jumapili iliyofuata niliwahi, nikatua mchana kweupe. Wendel akatazama, akaona ndege ya kweli na yangu zimefuatana njia nzima, akairudisha Talinas kwenye orodha. Samahani hakusema. Nami nimeandika ubavuni mwa ndege yangu, kwa herufi nyekundu: KAPTENI KAA. Waache wacheke.

Mwanao, rubani.


Talinas, 8 Desemba 2019

Kapteni,

Umekula? Sisi tuko hai, hilo ndilo la kwanza. Tufani imeondoka na paa la jikoni na vizimba vyote vya kaa. Hakuna mzigo, kwa hiyo ile ndege haiji tena. Mji umefunga lango la uwanja kwa mnyororo, wakati uzio wenyewe umelala chini. Sasa nasimama ndani kabisa, kando ya njia ya kutulia ndege. Nani wa kunifukuza?

Consorcia kaniuliza, "Haya, mwanao atatua na nini?" Nikamwambia, "Na ndege yake." Hakucheka. Alisogea tu, akaingia chini ya mwavuli wangu.

Najua Wendel ataifuta tena. Mwambie mimi, Primitiva Lumanog, nimekataa. Mwambie njia ipo, na mwisho wake amesimama mtu.

Wewe njoo Jumapili, na uwahi, jua lisikukute angani. Pale uwanjani wamejaa mbuzi wa Consorcia, wanakula majani kwenye nyufa. Wasikutie hofu. Pita juu ya paa mara moja, kisha shuka. Mbuzi nitawafukuza mimi.

Mama yako.