Niliandika Maoni Kwenye Faili Nikidhani Hayaonekani

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla sijaacha kazi kwa aibu, mimi ni karani katika ofisi ya wachoraji wa ramani za nyumba, na siku moja nikipekua taarifa za faili kwenye kompyuta nikakuta kuna kisanduku cha maoni ambacho hukioni mpaka ukitafute, basi nikawa namwaga humo yote ninayoyameza mchana, kwenye hotuba ya bosi nikaandika "usingizi mtupu," kwenye ramani ya mteja mmoja "vyoo sita, watu wawili, wanakula nini hawa?" na kwenye michoro ya mwenzetu tunayemwita Mrefu "mkono mzuri, mabega ndiyo usiseme," kumbe faili likihamishwa maoni nayo yanaweza kufuatana nalo, fundi wa kompyuta akatuwekea mashine mpya, akapanga orodha ya mafaili ionyeshe kila kitu, hata maoni, na wiki iliyopita bosi akairusha ukutani kwa projekta mbele ya mteja yuleyule na mkewe, mke akacheka hadi akashika meza, mume akafoka, nami nikaropoka, "Ni virusi hivyo!" bosi akaniuliza, "Virusi gani vinavyojua mabega ya Mrefu?" lakini kelele za mteja zilimzidi, akamgeuzia kibao fundi, akasema ndiye aliyetuletea uchafu na asikanyage tena pale, na fundi mkewe ni mjamzito na sisi ndio tegemeo lake, nami nilinyamaza, na Mrefu akiniona kwenye korido anageuza njia, sasa nikiyafuta yote kimyakimya si yataisha?

Aliyeponzwa na Vidole

Wewe dada, kwenye vyoo sita chai ilinitoka puani. Nilipofika kwenye habari ya fundi, kicheko kikakatika. Mtoto wa watu kafanya kazi yake sawasawa, unamvika kosa lako, halafu unaniuliza habari za kufuta? Ukifuta leo ndiyo umemmaliza. Bosi atasema, "Mnaona? Fundi kaondoka, na virusi vimeondoka."

Nilipokupigia simu Jumatatu, kwa namba uliyoiacha kwenye barua, ukaniambia bado unatafuta maneno ya kukiri. Ya kuwasema watu uliyapata wapi?

Kesho, kabla bosi hajakaa, mwambie: "Niliandika mimi. Fundi hana kosa." Usimweleze kwamba hotuba inalaza kweli. Akifoka, pokea. Kisha mpigie fundi palepale, bosi akisikia, umwombe radhi. Mteja naye mwombe. Kufuta kuje mwisho.

Mrefu mfuate mwambie, "Nilikuaibisha mbele ya wageni, nisamehe." Koma hapo. Akinyamaza, mpishe apite. Akicheka, hayo ya mabega malizaneni wenyewe, mimi sina kazi tena hapo.